Bwana Harusi wa Landover

"Hodi," sauti ilisema nyuma ya mlango wetu.

Shangazi Mwatime alinitazama, nami nikamtazama. Tulikuwa tunaishi ghorofa ya tatu, Langley Park, nje kidogo ya jiji la Washington, katika jengo ambalo watu hugonga kwa ngumi au huingia bila kugonga. Hodi ile ilikuwa safi mno. Mtu wa kwetu Tanga husema hodi huku mguu mmoja umeshaingia ndani. Huyu aliisema, akanyamaza, akangoja, kisha akaisema tena kwa sauti ile ile, kama mtu anayesoma ubaoni.

Nilifungua. Alikuwa Mmarekani mweusi, mzee mrefu mwenye tai ya rangi ya kahawa, kofia mkono mmoja na mfuko wa machungwa mkono wa pili.

"Hamjambo," alisema. "Mimi naitwa Akintunde. Ninamtafuta Bwana Abdulghafur, msomi kutoka Tanga."

Neno msomi lilinimaliza. Nilikuwa nimevaa fulana ya kazini, ya ghala la samani kule Landover nilikokuwa nikipakua makochi, na tangu nipate shahada yangu ya pili ya elimu ya maji hakuna aliyewahi kuniita msomi ila Tasnim, binti wa shangazi, naye huniita hivyo ninaposhindwa kufungua kopo.

Lakini nilijua papo hapo mgeni huyu ni nani. Ndiyo shida yangu, mambo huwa nayajua papo hapo.

Ilikuwa Aprili, mwaka 1998. Miezi kadhaa kabla, chuo kikuu kimoja cha Uholanzi kilikuwa kimetangaza nafasi nne za utafiti wa udaktari zenye ufadhili kamili, na mojawapo ilihusu visima vya pwani vinavyoingiwa na maji ya chumvi. Nilipolisoma tangazo lile kwenye kompyuta ya maktaba nililia kidogo, mpaka mama aliyekaa kompyuta ya jirani akanipa karatasi ya kufutia pua. Kisima cha mtaani kwetu kilianza kuwa na chumvi nikiwa mtoto. Chai yetu ilikuwa na ladha ya machozi, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba siku moja nitaleta dawa. Sasa Waholanzi walikuwa tayari kunilipa ili niitafute. Kwao mwanafunzi wa udaktari huajiriwa kabisa, akapata mshahara, likizo na meza yake mwenyewe.

Shangazi hakuamini.

"Wakulipe wewe usome?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na wao wanapata nini?"

"Wanapata utafiti."

"Ghafur, mwanangu," alisema kwa upole, "hawa watakutoa figo."

Niliomba hata hivyo. Niliandika andiko refu, na mwishoni, kwa kuwa nilikuwa nimepandwa na hisia na maktaba ilikuwa inakaribia kufungwa, niliandika kwamba nia yangu ni kuwatumikia watu wa Tanga kabla ya nafsi yangu. Tasnim ndiye aliyenipigia chapa. Alipofika sentensi hiyo alisimama, akaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

Profesa alijibu kwa baruapepe. Alisema andiko limempendeza, na kwamba mwenzake mmoja atakuwa Washington kwa mkutano mwezi wa Aprili, atanitafuta anihoji. Hakusema mwenzake huyo anaitwa nani, wala kama ni mwanamume au mwanamke. Mapengo yote hayo niliyajaza mwenyewe pale mlangoni, mbele ya mfuko wa machungwa. Hata nilijipongeza. Nilisema moyoni kwamba mjinga angetarajia Mzungu, lakini mtu aliyesoma anaelewa kwamba chuo kinachotafiti visima vya Waswahili lazima kiwe na mtaalamu anayekijua Kiswahili.

"Shikamoo, mzee," nilisema. "Karibu sana. Nilikuwa nakutegemea."

"Marahaba," alisema, na uso wake ukang'aa. "Kumbe umepata habari. Vizuri."

Sasa, nyumbani kwa shangazi yangu mgeni haulizwi kilichomleta. Anakaribishwa, ananawa, anakula, anaulizwa habari za kwao, na jambo lake atalitoa mwenyewe akishashiba. Shangazi amehama bara, lakini sheria hii ilikuja naye. Na nilikuja kujua baadaye kwamba Akintunde alikuwa amejifunza Kiswahili miaka ya sabini kwa mwalimu mmoja wa Kitanzania, aliyewafundisha wanafunzi wake kwamba Mswahili hatangulizi shida yake, kwamba kuisema kabla ya chai ni utovu wa adabu. Kwa hiyo tulikaa pale, mmoja haulizi, mwingine hasemi, kila mmoja akijivunia adabu zake, huku maandazi na mbaazi za nazi vikipungua.

Alianza kwa mbali.

"Umewahi kufundisha, Bwana Abdulghafur?"

"Nimewahi kusaidia madarasa ya maabara."

"Watu wazima?"

"Vijana."

"Watu wetu ni wazee," alisema. "Baadhi wamevuka sabini. Hawasikii vizuri, itabidi upaze sauti."

Nikaona mbele yangu jopo la maprofesa wenye nywele nyeupe. Nilisema sauti ninayo.

"Hatuna pesa nyingi. Tunakutana chini ya kanisa, Landover."

Nilifikiri, haya, Waholanzi hawapendi kutupa fedha, hata hoteli ya kufanyia mahojiano hawakodi. Nikawaheshimu zaidi.

Nilimweleza habari za visima. Nilimchorea kwenye karatasi ya kufungia maandazi jinsi maji baridi yanavyokaa juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi, na jinsi pampu ikivuta mno chumvi inavyopanda. Alisikiliza kwa makini, akauliza neno pampu linaandikwaje, akaliandika. Nikasema moyoni, huyu ni mwanasayansi kweli, haachi kitu.

Alipomaliza chai ya mwisho aliweka kikombe chini, akanyoosha tai.

"Kuna mmoja hasa anayekungoja," alisema. "Mama Oya. Anakwenda Tanga Jumamosi ijayo, ndege ya alasiri. Anahitaji mtu wa kule wa kumwandaa kabla hajaondoka. Utakuja asubuhi hiyo, saa nne?"

Mtafiti wao anakwenda Tanga, na mimi ndiye nimwandae.

"Nitakuja."

"Utakaa naye mpaka awe tayari? Ana wasiwasi sana."

"Nitakaa naye mpaka awe tayari," nilisema, nikaweka kiganja kifuani, jambo ambalo sijui nililitoa wapi. "Naahidi."

Akintunde alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Shangazi alimjazia maandazi kwenye mfuko uliokuwa na machungwa, naye mgeni akaondoka.

Tasnim alikuwa amejilaza kwenye kochi muda wote. Anaelewa Kiswahili chote, hata kile cha kusengenya, lakini hujibu kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza chake alisema kwamba yule bwana hajawahi kuikanyaga Uholanzi.

"Wewe unajuaje?"

Alisema mwombolezo wa visima ulipoanza, yule bwana aliangalia saa.

Nilimwambia dunia imebadilika.

Juma lile lote nilijiandaa. Nilinunua karatasi za plastiki zinazomulikwa ukutani kwa mashine, nikazichorea visima kwa kalamu za rangi tatu. Ghalani niliyahutubia makochi. Kipkemboi, Mkenya niliyekuwa nikipakua naye, aliniuliza kama naumwa.

"Najiandaa kwa mahojiano."

"Na hiyo sofa iko kwa panel?"

"Sofa hii ni mwenyekiti," nilisema.

"Sawa, prof. Basi mshike mwenyekiti huko nyuma, tumuingize kwa lori."

Ijumaa jioni simu iliita. Shangazi alipokea, akasikiliza, akanipa huku amefunika kinywa cha simu kwa kiganja. "Mwanamke. Anaongea kama ana njaa."

Alikuwa Daktari mmoja kutoka chuo kile cha Uholanzi. Alisema ana haraka na anaomba radhi. Mkutano wake wa Washington umemmeza siku zote, hakupata nafasi ya kunitafuta mapema, lakini kesho kuanzia saa nne asubuhi yuko huru, katika hoteli moja ya Sterling karibu na uwanja wa ndege wa Dulles. Saa sita kamili anaondoka kuwahi ndege.

"Lakini mwenzako ameshakuja," nilisema.

"Mwenzangu yupi?"

"Bwana Akintunde. Mzee wa machungwa."

Alisema hana mwenzake wa jina hilo, wala wa machungwa. Kisha akarudi kwenye jambo lake. Kwa nafasi ya visima wamebaki waombaji wawili. Mwingine ameshahojiwa. Mfuko unaotoa fedha unataka kila mtu aonwe uso kwa uso, na majina yanapelekwa Jumatatu. Je, nitafika?

"Nitafika," nilisema. Mdomo wangu huwa hauna kazi nyingine ila kusema nitafika.

Nilimpigia Akintunde kwa namba aliyoniachia.

"Mzee, samahani," nilisema. "Wewe ni nani?"

Ni swali ambalo nilipaswa kuliuliza kabla ya andazi la kwanza. Alicheka, halafu akaona sicheki, akanieleza. Alikuwa msimamizi wa darasa la Kiswahili la wazee. Mwalimu wao, Genoveva, alikuwa amerudi Tanzania. Fidelis, mwenye duka la unga na kadi za simu hapo Langley Park, alimwambia yupo kijana wa Tanga, msomi, mpole, na akaahidi kunipasha habari.

"Hakukwambia?"

"Fidelis?" nilisema. "Fidelis husahau hata kufungua duka."

"Nilipokuta unanitegemea nilifikiri amekwambia. Na Mama Oya sikukueleza vizuri, kwa sababu ulianza habari za pampu."

Akanieleza sasa. Mwana wa Mama Oya, Kwame, alihamia Tanga ujanani, akaoa huko, akabaki huko. Binti yake, Rahma, alikuwa anaolewa siku chache zijazo. Bibi yake mzaa mama alifariki mwaka uliopita. Mama Oya ndiye bibi pekee aliyebaki, na mashangazi wa bibi harusi walikuwa wameanza kusema kwamba safari hii mlango hautakuwa na bibi.

Hakuhitaji kuendelea. Kwetu, bwana harusi anapokuja kumchukua mke hukuta mlango umefungwa na bibi wa bibi harusi amesimama hapo. Kwa utani wetu bibi ni mke mwenza wa mjukuu wake, kwa hiyo bwana harusi ni mumewe pia, na kabla hajampisha humchambua mbele ya umati, sura yake, mwendo wake na mfuko wake. Bwana harusi haruhusiwi kukasirika. Bibi akiwa mkali, watu hucheka, na hukumbuka kwamba binti huyu ana watu nyuma yake. Mlango ukiwa hauna bibi, bwana harusi hupita kimya, kama mtu anayeingia posta.

"Kwame hawezi kumfundisha?"

"Kwame ni mwanamume. Amemwambia, Mama, njoo ukae utabasamu."

Nilimwambia kuhusu Sterling.

"Nenda, bwana," alisema. "Ni maisha yako. Nitamwambia asubuhi akitoka zamu. Yuko kazini usiku huu, anatunza wagonjwa wazee. Ameomba wamwachie mapema kidogo kwa ajili yako."

Niliweka simu chini, nikawasimulia yote, pamoja na hiyo posta. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko.

"Nenda kwa Mholanzi wako," alisema. "Binti ataolewa tu, bibi awepo asiwepo. Nimeshaona ndoa za posta, zinadumu."

"Nilimwahidi, shangazi."

"Ulimwahidi mtu usiyemjua kitu usichokijua. Hiyo ni kikohozi, si ahadi."

Tasnim, bila kuondoa macho kwenye televisheni, alisema kwa Kiingereza, "Ghafur, watu wa Tanga wamepiga simu. Wanauliza kama bado wako kabla ya nafsi yako."

Sikulala vizuri, lakini kabla ya kulala nilipata ufumbuzi. Watu kama mimi huwa hatukosi ufumbuzi. Nilimpigia tena Akintunde. Ningefika Landover saa nne, ningemfundisha Mama Oya kwa saa moja, na saa tano kamili Akintunde angenikimbiza Sterling kwa gari lake, nikamkuta Daktari kabla ya saa sita. Mama Oya angekwenda uwanjani na gari la kanisa, kama ilivyopangwa. Saa nzima ya kufundisha maneno machache ya kumtania mtu. Nilidhani ni muda wa kutosha na chenji itabaki.

Ukumbi ulikuwa chini ya kanisa, mlango wake ukitazama uwanja wa kuegesha magari. Wazee walikuwa wamekaa kwa duara. Waliinuka wote nilipoingia, wakasema "Shikamoo, mwalimu" kwa pamoja, nami, badala ya kusema mimi ni mdogo wao, nikapigwa na butwaa, nikajibu "Marahaba" kama mfalme.

Mama Oya hakuwa amefika. Basi lilikuwa limechelewa. Ili muda usipotee, na kwa kuwa nilikuwa nimezibeba zile karatasi zangu za plastiki, niliwaonyesha visima. Mzee mmoja alilala tulipofika kisima cha pili. Bibi mmoja mwenye miwani ya dhahabu aliinua mkono, nikafurahi.

"Mwalimu, chumvi ni ngeli gani?"

Nilimjibu. Hakukuwa na swali jingine.

Mama Oya aliingia saa nne na nusu, mwanamke mfupi mwenye sare ya kazini chini ya koti, akikokota sanduku. Alikuwa na karatasi mkononi. Kwa msaada wa kamusi alikuwa ameandika maneno ya kumwambia bwana harusi. Alinisomea, polepole.

"Ewe kijana mpendwa. Karibu katika familia yetu. Tunakuombea baraka na afya njema."

"Ni maneno mazuri sana," nilisema. "Lakini hapo unatakiwa kumtukana."

Alinitazama. "Mimi ni shemasi wa kanisa."

"Si matusi ya nguoni, Mama. Utani. Mwambie amekonda."

"Kama hajakonda?"

"Basi mwambie amenenepa kwa kula vya watu."

Wazee wakachangamka. Yule aliyelala aliamka mwenyewe. Nilimweka Mama Oya ndani ya mlango, nikatoka nje kuwa bwana harusi, nikagonga. Alifungua, akaniona, akasema pole kwa kunifungia. Nikagonga tena. Safari hii alisema, "Umekonda, baba," kwa huruma ya kweli, akaniuliza kama nimekula. Kila nikigonga alinionea huruma zaidi. Alikuwa ametunza wagonjwa maisha yake yote, na mtu akisimama mlangoni mikono yake humkimbilia.

Nje Akintunde alikuwa ameshawasha gari.

Niligonga mara ya mwisho. Saa ilikuwa tano. Mlango ulifunguka wazi kabisa, na Mama Oya alikuwa ameshika mfuko wangu, koti langu na karatasi zangu za visima, zote zimepangwa vizuri.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Chukua. Usichelewe. Bwana Akintunde ameniambia. Nitakaa tu nitabasamu, kama Kwame alivyosema."

Nilivichukua. Nilimshukuru, hata nilimshukuru mara nyingi, kama mtu anayekimbia anavyoshukuru. Niliingia ndani ya gari, nikafunga mkanda. Akintunde akatoa gari kwenye uwanja mpaka ukingo wa barabara, akangoja magari yapite.

Magari hayakuwa yakipita. Barabara ilikuwa tupu. Akintunde alikuwa anangoja tu, bila kunitazama.

Nilisema, "Amenifungulia mlango."

"Ndiyo."

"Mpaka mwisho. Amenipa na mfuko."

"Ni mtu mwema sana," Akintunde alisema.

"Mashangazi wa Tanga watamla mzima."

Nilifikiri juu ya Sterling, meza yangu mwenyewe, na chai isiyo na ladha ya machozi. Nilijitahidi kufikiri kwamba visima vya watu maelfu ni vikubwa kuliko mlango mmoja, na ni kweli ni vikubwa. Lakini sikuwa nimeahidi visima. Nilikuwa nimeahidi mpaka awe tayari, kiganja kifuani, na Mama Oya alikuwa ameniitikia karibu kwa sauti ya mtu anayemfunika mgonjwa blanketi. Hakuwa tayari hata kidogo.

"Rudisha gari, mzee," nilisema.

Ofisi ya kanisa ilikuwa na simu. Nilimpata Daktari hotelini.

"Uko wapi?" aliuliza.

"Landover. Samahani sana. Kuna mama anasafiri kwenda Tanga leo, na sijamaliza kumfundisha."

"Kumfundisha nini?"

Ningeweza kusema lugha. Ningeweza kusema elimu ya jamii. "Jinsi ya kumtukana bwana harusi," nilisema.

Nilimsikia akivuta pumzi. "Bwana Abdulghafur, unaelewa kwamba nikiondoka hapa siwezi kukupendekeza?"

"Naelewa."

"Nitaandika kwamba hukufika," alisema, bila ubaya, na baada ya kidogo akaongeza, "Andiko lako lilikuwa zuri."

Ilikuwa hivyo. Nafasi ile ilikwenda kwa yule mwingine. Namtakia heri, na nadhani nina maana hiyo siku nyingi za wiki.

Nilirudi ukumbini. Mama Oya alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, ameikunja ile karatasi ya baraka na afya njema. Aliponiona alisimama kwa hofu.

"Umesahau nini?"

"Hukunizuia, Mama."

"Una safari, mwanangu."

"Bwana harusi siku zote ana safari. Ndiyo maana unasimama hapo."

Nikamwomba ile karatasi, akanipa. Nikawaomba wazee wasogeze viti karibu na mlango wawe umati, na umati ukicheka bibi hupata nguvu. Nikamwambia asimfikirie bwana harusi hata kidogo, amfikirie Rahma nyuma yake, amevaa, anasikiliza kama yupo mtu mlangoni. Nikamsimulia bibi yangu mimi, aliyemweka nje mume wa dada yangu mpaka pilau likapoa. Mama Oya akacheka kwa mara ya kwanza. Akauliza bibi alisema nini. Nikamwambia. Akafunika mdomo, yule shemasi wa kanisa, akaniomba nirudie polepole.

Tulifanya tena na tena. Kila safari alinizuia zaidi kidogo. Kuna wakati alikuwa na maneno lakini mkono wake uliendelea kunipapasa bega, mpaka bibi wa miwani ya dhahabu akamwambia aweke mikono kiunoni. Gari la kanisa lilifika, dereva akapakia sanduku, akaambiwa angoje, naye akaja kusimama na umati.

Nilitoka nje, nikafunga mlango. Akintunde alikuwa amezima gari, amekaa juu ya ngazi anamenya chungwa. Saa yangu ilisema sita imepita. Nikavuta shati vizuri.

"Hodi," nilisema.

Kimya.

"Hodi hodi, wenyewe."

Mlango ulifunguka kiasi cha uso mmoja. Mama Oya alikuwa na mikono yote miwili kiunoni, akauziba mwanya kwa mwili wake mdogo.

"Nani wewe?"

"Bwana harusi."

"Wewe?" Alinitazama kuanzia kola mpaka viatu, bila haraka yoyote, akarudi juu, akapumzika shingoni. "Wewe ndiye mume wangu? Wameniambia umesoma maji. Miaka yote hiyo umesoma maji, mbona hujaoga?"

Nyuma yake wazee walipiga kelele, dereva wa kanisa akapiga makofi. Nilicheka, kosa kubwa kwa bwana harusi.

"Na anacheka," Mama Oya aliwaambia umati, bila karatasi. "Meno anayo. Akili, tutaangalia."

"Nipishe, bibi," nilisema. "Nimechelewa."

"Umechelewa kwenda wapi?"

Hapo hatukuwa tumefanya mazoezi.

"Sina pa kwenda," nilisema.

"Basi simama hapo," alisema Mama Oya, akanifungia mlango.

Nikasimama.